Kofia ya Jumamosi

Jumamosi, 7 Juni 1997

Nimetoka karakana ya kuchomelea vyuma ya Fundi Tibenda jioni hii. Kama kila Jumamosi: ofisi tunafunga saa sita, nakula ndizi na maharage kwa Mama Koku mwenye nyumba, navaa suruali kuukuu, nashuka hadi pale jenereta linaponguruma kando ya barabara. Na kama kila Jumamosi, nimejichoma macho.

Tatizo ni lile lile. Ngao ya mkono ya kukinga uso ina kioo cheusi. Ukiiweka usoni huoni chuma, huoni kijiti cha kuchomelea, huoni hata mkono wako. Unapapasa. Ukiiondoa ili uone pa kuanzia, kijiti kinagusa kabla hujajikinga, na ule mwanga unaingia hadi ndani ya fuvu. Fundi yeye anafumba macho, anagusa, kisha anafumbua nyuma ya miwani ya jua. Ndiyo, miwani ya jua. Ile ya mnadani. Jicho lake la kushoto linatoa machozi mwaka mzima, naye anasema ni moshi.

Leo kanicheka mbele ya wateja. "Karani, macho yako ni ya kusomea barua. Chuma hakitaki kubembelezwa."

Nimecheka nao. Sikufurahi.

Sitengenezi kitu cha maana. Kigoda. Keria ya baiskeli. Sasa miguu ya meza. Lakini wiki nzima napima kahawa ya watu na kuandika kilo, jioni sina cha kuonyesha. Jumamosi vipande viwili vinakuwa kimoja mbele yangu. Sitaki kuacha.

Jumapili, 8 Juni

Mchanga machoni. Sikwenda kanisani. Nimelala dirisha limefungwa, kitambaa usoni. Mama Koku kaleta vipande vya kiazi mviringo nivilaze juu ya kope. Halafu akasema ipo dawa bora: mke wa jirani ananyonyesha, atanikamulia matone. Alikuwa ameshamwita. Nilimsikia yule mama akicheka nje ya mlango. "Basi nimepata mtoto mwingine, na huyu ana ndevu!"

Nilisema kiazi kinatosha. Nilisema tena na tena.

Naogopa. Mtu anaweza kupofuka kwa sababu ya kigoda.

Jumatatu, 9 Juni

Macho mekundu kama kahawa iliyoiva. Meneja alinitazama pale penye mizani, kisha akasema kwa sauti, wakulima wote wasikie: "Karani, rubisi ya jana ilitoka kwa nani? Tuelekeze na sisi." Watu wakaangua kicheko. Bi Justina, karani mwenzangu, hakucheka.

Ningesema nini? Nikisema nachomelea vyuma, atasema nina kazi ya pili. Pombe sinywi kabisa. Nimekubali kuitwa mlevi kwa kunyamaza.

Mchana akatutangazia kwamba bei ya kahawa ni mbaya, na msimu ukiisha karani mmoja atapunguzwa. Makarani tuko wawili.

Bi Justina ana watoto wawili, na mume aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi akaipata na asirudi. Mimi nina cheti cha kidato cha sita na macho mekundu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa, nimekwenda hospitali Nyakahanga. Muuguzi kanimulika tochi, kanigeuza kope. Safari hii yamepona, anasema. Lakini ule mwanga unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na kila mara ni hasara. Ama nipate kinga ya kweli ama niache. Nikamwambia habari ya kiazi. "Kiazi weka chunguni, mwanangu."

Nimeamua. Bila kofia nzuri sigusi kijiti.

Kofia ninayoitaka naijua. Niliiona mwaka jana kwa fundi mmoja Mzungu wa shirika la misaada, wakati wa wakimbizi. Kioo chake ni cha kijani hafifu, unaona kila kitu. Kijiti kikigusa tu, kioo kinajitia giza chenyewe kabla hujapepesa. Mwanga ukizimika, kinarudi kuwa kijani. Mikono yote miwili iko huru. Hakuna kupapasa. Tangu siku ile naiwaza kofia hiyo kama vijana wengine wanavyowaza pikipiki.

Jumamosi, 14 Juni

Sikuchomelea. Nimekaa chini nikafikiri kama mtu mwenye akili. Nahitaji nini hasa? Mchana mmoja kwa wiki. Vyuma vyembamba, vijiti vyembamba. Sihitaji kioo cha kuongeza na kupunguza giza. Giza la namba kumi peke yake linanitosha. Nahitaji kioo kiwahi kuingia giza, kofia isinivunje shingo, na bei isinivunje mgongo. Hilo la mwisho ndilo linalonimaliza. Niliulizia Bukoba. Mpya ni bei ya ng'ombe na ndama wake. Na hata hizo hawana, wanaagiza Nairobi.

Kisha muuza vipuri wa hapa Omurushaka akaniita. Anayo moja ya Kampala, "otomatiki kabisa," bei ya kibinadamu. Nilikwenda nusura nikimbie. Akaivaa, akatikisa kichwa kwa nguvu kama mbuzi, kifuniko kikamwangukia usoni: paa!

"Umeona? Imejifunga yenyewe!"

Nikamwambia kilichoifunga ni kichwa chake.

"Sasa kichwa si chako? Ulitaka nani akutikisie?"

Kioo ni kile kile cheusi. Nimerudi nyumbani nimekunja uso. Mama Koku akauliza nani kafa.

Jumanne, 17 Juni

Habari. Dereva wa lori la kahawa anasema Kyerwa yuko mtu anaitwa Ishengoma, aliyekuwa akiendesha gari la shirika lile. Wazungu walipofunga kambi na kuondoka walimwachia vitu: buti, jeki, na kofia ya kuchomelea yenye kioo cha kijani. Hachomelei. Anauza.

Nitakwenda Jumamosi. Nimejiwekea sharti: silipi kabla sijaona kioo kikiingia giza kwa macho yangu. Nitaitoa nje. Nitaigeuza, nitaifungua kila panapofunguka. Nikiona kasoro, nasema asante na kuondoka. Ni biashara, si undugu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeinunua. Sijaijaribu. Najichukia.

Nilifika kwa Ishengoma kabla ya chakula. Nikasema shikamoo, tukakaa, tukaulizana koo kama ilivyo desturi. Mama yangu na yeye ukoo mmoja. Basi, hapo hapo biashara ikafa. "Kumbe wewe ni mwipwa wangu! Mama watoto, njoo umwone mwipwa wangu!" Ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikatafuna. Ikaletwa tena. Mkewe akawa anamkimbiza kuku nyuma ya nyumba. Watoto wakapangwa kunisalimia, kila mmoja akinipigia goti.

Kofia ililetwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Nikaivaa. Kijani hafifu, kama ninavyoikumbuka. Nyepesi. Nikamwona mjomba, nikamwona kuku. Ulimi ulikuwa tayari kusema, tutoke nje tuijaribu. Lakini nimetafuna kahawa ya mtu, nimeitwa mwipwa, kuku wake anakwenda chunguni kwa ajili yangu. Nianze kutafuta kasoro mbele ya watoto wake? Ni sawa na kumwambia mjomba wewe ni tapeli.

"Nzuri sana, mjomba," nikasema.

"Basi ni yako."

Nimelipa fedha zote nilizokuwa nimeweka za kununulia baiskeli. Nimesindikizwa hadi barabarani na mkungu wa ndizi juu.

Jumapili, 22 Juni

Nimeishika kofia kwa urefu wa mkono, nimeielekeza kwenye jua la mchana. Kijani. Mama Koku kawasha kiberiti mbele yake, njiti baada ya njiti. Kijani. Tochi. Kijani.

Huenda haisikii jua, inasikia mwanga wa kuchomelea tu. Huenda imekufa. Sijui. Hilo ndilo linaloniudhi: sijui, na ningeweza kujua jana kwa kufungua mdomo.

Jumatano, 25 Juni

Baada ya kazi nimekwenda kwa mpiga picha. Wazo langu: flashi ya kamera inakuja ghafla na kwa nguvu, kama kijiti kinapogusa. Nikaiweka kofia juu ya kiti chake cha wateja, mbele ya lile pazia lenye picha ya ndege inayoruka. Nikasimama nyuma nikitazama kioo. Akapiga. Kijani. Akapiga tena. Kijani.

"Picha tayari Ijumaa," akasema.

Nikamwambia sikutaka picha.

"Nimepiga mbili. Mwenzako hajapepesa hata kidogo."

Watu wawili mlangoni wakacheka hadi wakashikana. Ilipofika karakana habari ilikuwa imekua. Fundi Tibenda amesema nimenunua ndoo ya Wazungu, na kwamba akikosa cha kuchotea maji atanijia.

Jioni nimeigeuza kofia kila upande kwa hasira tu, si kwa matumaini. Pembeni mwa kioo, ndani, kuna kidroo kidogo kinachovutwa kwa ukucha. Kina matundu mawili ya mviringo. Matupu.

Betri. Haina betri. Nimepeleka kofia isiyo na betri studio ikapigwe picha.

Ijumaa, 27 Juni

Nilituma salamu Kyerwa kwa lori. Jibu limerudi leo kwa mdomo wa dereva, ambaye alishindwa kulisema bila kucheka: "Mjomba wako anauliza, kwani kofia inakula? Vile vifungo vya fedha watoto walivichezea. Kimoja kiko chooni. Kingine kimoja wao alikimeza, akakitoa, naye hajambo, anakusalimia."

Siwezi hata kumkasirikia. Hakunidanganya. Hakujua. Mimi ndiye niliyepanga kuifungua kila panapofunguka, nikanyamaza kwa sababu ya kuku.

Maduka yote ya Omurushaka yana betri za tochi na redio. Betri bapa, za mviringo, kama kifungo cha koti, hakuna. Nimempa kondakta wa basi la Bukoba fedha na kipimo nilichochora kwenye karatasi.

Na leo leo, kama mtu anayejaribiwa: kalkuleta ya ofisi ilikwama vumbi, Bi Justina akaifungua nyuma aipulize. Ndani yake betri mbili. Bapa. Za mviringo. Nikatazama kando haraka, kana kwamba nimemwona mtu akivaa nguo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefanya.

Tulifunga saa sita. Bi Justina akaondoka, meneja akaondoka. Funguo za mlango nazishika mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua asubuhi. Kalkuleta inakaa kwenye droo ya Bi Justina. Haifungwi. Niliangusha skrubu moja nikaitafuta kwa magoti.

Zimeingia kwenye kidroo cha kofia kama zilizozaliwa humo.

Karakana walinipokea kwa vifijo vya kejeli. Nikaivaa. Nikaona chuma, nikaona ncha ya kijiti, nikaona mahali hasa ninapotaka kuanza. Nikagusa. Giza likaja, na katikati ya giza tone dogo la moto, tulivu, likitembea ninakolipeleka. Nilikuwa sijawahi kuliona. Miezi yote hii nilikuwa nachomelea kitu nisichokiona.

Nilipoinua kichwa hakuna aliyecheka. Mshono ulikuwa umenyooka. Fundi akagonga kwa nyundo gamba lililoganda juu yake, akapitisha kidole. Kisha akanyoosha mkono. "Lete nijaribu." Hakunirudishia mpaka jenereta lilipozimwa. Mwanafunzi hamnyimi fundi wake.

Macho hayaumi.

Jumatatu, 30 Juni

Nilifungua ofisi mapema, nikarudisha betri kabla hawajafika. Meneja alijumlisha asubuhi yote bila tatizo. Kila alipobonyeza niliruka moyoni. Nimeapa sitarudia. Nitangoja kondakta.

Jumamosi, 5 Julai

Kondakta kaleta betri za saa ya mkononi. Ndogo, zinacheza ndani ya tundu kama punje ya mtama ndani ya debe. Nikamwonyesha mchoro wangu. Akasema, "Bwana, betri ni betri."

Nimerudia. Nimezichukua zile za ofisi. Kiapo changu hakikumaliza wiki.

Miguu yote ya meza imesimama. Haichezi.

Mpiga picha anasema yeye huenda Kampala kila baada ya muda kununua filamu, na huko zipo. Nimempa fedha. Yeye angalau anajua kipimo. Kamera yake inatumia kitu cha aina hiyo.

Jumamosi, 12 Julai

Sipendi kuandika hili.

Nilichukua betri tena. Mara hii sikuangusha hata skrubu, na hilo lenyewe lilipaswa kunistua. Nilichomelea kidogo tu. Fundi Tibenda akaja na haraka zake. Amepata kazi ya lango Bweranyange, mwenye kazi kamletea gari, jenereta limeshapakiwa. "Karani, nipe kofia. Narudi kesho."

Nilitaka kutoa kidroo. Nilitaka kusema ngoja. Lakini ningesema nini mbele ya watu wale? Kwamba betri nimeziiba? Akaichukua kichwani kwangu, kweli kichwani, akaivaa, gari likaondoka. Vijana wa gari walikuwa wakimshangilia kama bwana harusi.

Kesho ni Jumapili. Atarudi kesho. Kasema kesho.

Jumapili, 13 Julai

Hakurudi. Nimekaa karakana tangu nilipotoka kanisani hadi giza likaanza. Mkewe anasema lango likinoga huwa wanamwongezea na dirisha.

Sijala.

Jumatatu, 14 Julai

Lori la Bukoba lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, magunia yamepakiwa, dereva anataka jumla ya mzigo. Meneja akaitisha kalkuleta. Bi Justina akaitoa kwenye droo. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Meneja akainyakua, akaigonga mezani, akaifungua nyuma.

"Bi Justina. Betri ziko wapi?"

Hajui, akasema.

"Droo ya nani?"

Yake, akasema.

"Umeziuza? Leo betri, kesho mizani? Kesho kutwa tukukute umebeba bati la ofisi?" Dereva na wapakizi wote wakisikiliza. Bi Justina alitazama sakafu. Kisha aliinua uso akanitazama mimi, kidogo tu, akarudisha macho chini.

Nami nilifanya nini? Nilivuta kiti, nikajumlisha mzigo wote kwa mkono. Safu baada ya safu. Sikukosea popote. Lori lilipoondoka meneja akanipiga bega. "Angalau mmoja wenu anafanya kazi."

Jumanne, 15 Julai

Fundi karudi, kanenepa kwa chakula cha Bweranyange. Kofia nzima, betri nzima. Anaisifu kofia kana kwamba kainunua yeye. "Jicho langu halikulia hata mara moja, Karani. Hata mara moja!" Nilimnyang'anya kwa ukali uliomshangaza, nikakimbilia ofisini.

Bure. Meneja ameifungia kalkuleta kwenye kabati lake mwenyewe.

Mchana kaniita faragha. Hana haja ya kungoja msimu uishe, anasema. Ameshajua nani atapunguzwa, nami niendelee na moyo huo huo. Nilisema asante, meneja. Nilisema asante!

Nikinyamaza, nimepona. Hakuna atakayejua. Macho yangu ni meupe, kazi ninayo, kofia ninayo. Bi Justina leo kaleta chakula cha mchana kama kawaida, kakigawa, kaniwekea. Viazi vitamu. Nimekula. Sijui nimewezaje kula.

Jumatano, 16 Julai

Nimesema.

Haikuwa ushujaa. Nilizunguka mlango wa meneja hadi akaniuliza kama natafuta choo. Nikaingia, nikaweka betri mbili juu ya meza yake. Nikamwambia: Ni mimi. Zilikuwa kwenye kofia.

"Kofia gani?"

"Ya kuchomelea."

"Wewe unachomelea?"

"Jumamosi."

Alinitazama machoni. "Kwa hiyo yale macho..."

"Ndiyo, meneja."

"Afadhali ungekuwa mlevi," akasema. "Mlevi haachi mwenzake atukanwe siku mbili kwa kosa lake." Akaniambia nitoke.

Nikamwendea Bi Justina. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti ikibidi. Hakuacha hata kuhesabu magunia. "Nilikuona," akasema. "Ile Jumamosi ya kwanza. Nilirudi kuchukua kikapu changu, nikakuona dirishani unatafuta kitu sakafuni kwa magoti."

Nikamuuliza, mbona hukusema? Hata mbele ya meneja?

"Ningesema, ungekana. Mwenye cheti ni wewe, nani angeniamini? Nikangoja nione wewe ni mtu wa namna gani." Akamaliza safu ya magunia, akaandika. "Ulichelewa, kaka. Siku mbili ni nyingi."

Ijumaa, 25 Julai

Meneja katuita wote wawili. Bi Justina anabaki. Mimi namaliza mwezi huu. Hakusema mwizi. Alisema "kupunguzwa," akatazama dirishani. Nilishukuru kwa hilo neno, kisha nikaona hasira kwamba nimelishukuru.

Kama ningenyamaza, angekuwa yeye. Najikumbusha hivyo. Hainisaidii sana. Ninachojisikia ni ujinga. Nilichagua kofia ya mchana mmoja kwa wiki, nikaifikiria bei, giza, uzito, kila kitu. Betri sikuzifikiria. Nimezilipia kwa kazi.

Jumamosi, 2 Agosti

Jana nilikabidhi funguo. Mama Koku anajua, basi Omurushaka nzima inajua. Mama yangu hajui. Nimekwepa kwenda nyumbani.

Mpiga picha karudi kutoka Kampala. Kaleta betri zenyewe, kipimo chenyewe, pakiti nzima. Kaniletea na zile picha mbili, kofia juu ya kiti, ndege nyuma yake. Hakudai fedha ya picha. Amesikia.

Fundi Tibenda alingoja wateja waondoke ndipo akasema. Hakunitazama, alikuwa anafunga waya. "Mchana mmoja kwa wiki haukufundishi kitu. Njoo siku zote. Kula utakula. Mengine tutaona."

Nimemwambia nitafikiri. Nimesoma hadi kidato cha sita. Baba, Mungu amweke pema, aliuza shamba la kahawa ili nisome. Nafikiri nini? Sina pengine pa kwenda Jumatatu asubuhi.

"Lakini njoo na kofia," akasema.

Jumatano, 13 Agosti

Vumbi jingi barabarani leo. Malori mawili ya kahawa yamepita, sikuinua kichwa.

Asubuhi kofia anavaa fundi, mchana mimi. Tumekubaliana hivyo bila kugombana. Jicho lake limekauka. Hasemi tena habari ya moshi. Miwani ya jua anayo bado, juu ya paji la uso.

Nilikuwa nimeinama juu ya bawaba. Mtu akaita kutoka barabarani, "Fundi!" Nikamtafuta Tibenda kwa macho. Alikuwa amekwenda kula.

"Fundi," yule mtu akasema tena, ananitazama mimi. Mkononi keria ya baiskeli iliyovunjika katikati.

Nikavua kofia, nikaenda kuitazama.